Maswali ya Wasomaji: Jazi na panki zinarudi, sisi wa matarumbeta tumo?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi nipo Pasua, Moshi, napiga tromboni kwenye matarumbeta ya usharika na jumamosi tunapanda pikapu kupiga harusini. Nina washkaji wawili, mmoja ana gitaa mwingine dramu, wao ni panki tu, ule muziki wa gitaa wa haraka na fujo. Tumeanza kuchanganya, jazi kidogo fujo nyingi, na mtandaoni nasikia watu wanasema mchanganyiko huo unarudi. Mwalimu wetu anasema ni makelele na hauna soko. Unarudi kweli au tunapoteza muda?
Mpiga tromboni, Pasua

JIBU: Marahaba mdogo wangu, swali lako limenifurahisha sana.

Ukiangalia bendi zenyewe unaweza kukata tamaa haraka, maana Sons of Kemet wa London walimaliza 2022, black midi wakasimama 2024, na mwaka huohuo akafariki James Chance, yule mpiga saksafoni wa New York aliyekuwa anashuka jukwaani kuwavaa watazamaji. Lakini huu muziki haujawahi kutegemea bendi idumu. Unawaka mahali, unazimika, unawaka kwingine, na ndivyo ulivyo tangu mwanzo. 1970 The Stooges, ambao watu wa panki wanawahesabu kama babu zao, walimuingiza Steve Mackay na saksafoni yake kwenye albamu ya Fun House, na kule mwishoni saksafoni na gitaa zinapiga kelele pamoja mpaka huwezi kusema ipi ni ipi. Na hata sasa hivi mambo hayajafa, Irreversible Entanglements wa Marekani wametoa albamu 2023 kupitia Impulse!, kampuni ileile iliyotoa rekodi za John Coltrane, gwiji wa saksafoni ya jazi, na ule ni muziki wenye hasira haswa.

Kwahiyo mimi swali la kurudi naliuliza hivi, unawakaga wapi na kwanini? New York ya miaka ya sabini, 1975 jiji lilikaribia kufilisika, kodi za nyumba kule Lower East Side zikawa za chini, basi wakajikuta wanakaa mtaa mmoja watu waliosomea muziki na watu ambao ndio kwanza wameshika gitaa, na 1978 ikatoka No New York, albamu ya mkusanyo wa bendi kadhaa iliyosimamiwa na prodyuza Mwingereza Brian Eno, James Chance yumo na bendi yake ya Contortions. Bad Brains wa Washington walianza wakiitwa Mind Power wakipiga fyusheni, yaani jazi iliyochanganywa na roki, walipogeukia panki ile spidi yao ikawa na mikono inayojua inachofanya, sikiliza utaona. London nako Tomorrow's Warriors wanafundisha vijana jazi bure tangu 1991, na black midi walikutana BRIT School, shule ya sanaa isiyo na ada. Yaani popote ulipotokea kuna ujuzi usiolipiwa na kuna vijana wenye kitu cha kusema, halafu wakawekwa chumba kimoja.

Sasa niambie Moshi inakosa nini hapo? Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro 1893 na Walutheri wa Kijerumani wana utamaduni mkubwa wa matarumbeta kanisani, ndio maana leo kuna vijana wa Machame na Marangu wanaosoma nota na kushika sauti nne bila kulipia darasa la muziki hata siku moja. Huo ni utajiri. Wenzako sehemu nyingi wana hasira na gitaa ila wa kupuliza hawana.

Halafu angalia Sons of Kemet walivyojipanga: saksafoni moja, tuba moja, wapiga dramu wawili. Basi! Hakuna gitaa, hakuna kibodi, tuba ndio inabeba besi yote, na kwa mpangilio huo albamu yao ya 2018 ikaingia kugombea Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka kule Uingereza. Hayo si matarumbeta ya harusi yakiwa na nia nyingine? Na kama mwalimu anaona ni mambo ya watoto mwambie habari za Getatchew Mekurya wa Ethiopia, mzee aliyehamishia nyimbo za vita za kwao kwenye saksafoni, amezaliwa 1935 na 2006 akarekodi albamu na The Ex, bendi ya panki ya Uholanzi. Alikuwa na miaka sabini na kitu, na anawapeleka puta wale wazungu.

Kwenye soko mwalimu yuko sahihi, harusi usiziache, ndizo zitakazowalipa. Kwenye makelele sikubaliani naye. Ila naomba sana, vyombo vya usharika msivipeleke baa bila ruhusa ya wazee, mkiharibu hapo mmewaharibia na wadogo zenu wanaokuja nyuma. Na kwenye kupiga kwenyewe, tromboni isikae pembeni ikisubiri zamu ya solo, ibebe kipande kizito kimoja ikirudierudie pamoja na gitaa, nyimbo iwe dakika mbili tu, na mwimbe Kiswahili, mambo ya Pasua hapohapo.

SWALI: Mwandishi, mwanangu wa form four anasikiliza hayo makelele ya jazi na panki usiku kucha. Sipingi, ila natamani asikie na cha kwetu. Kipo?
Mama mwenye duka, Kaloleni, Arusha

JIBU: Shikamoo mama. Kipo, ingawa sio jazi na panki moja kwa moja. Hapahapa Arusha X Plastaz walianza 1996 na wakaunganisha hip hop na uimbaji wa Kimasai kipindi ambacho wengi waliona haviendani, mtafutie albamu yao Maasai Hip Hop ya 2004. Singeli ya Dar anaijua bila shaka, midundo inapita mia mbili kwa dakika, imetengenezwa uswahilini na machalii wenye kompyuta za kawaida tu, na kwangu hiyo ndio panki ya Tanzania kwa roho yake. Kutoka Nairobi kuna albamu ya 2020 ya Duma, kundi la watu wawili tu, hiyo ni kali kweli mama, avae hedifoni.

Bando likiwa dogo aanze na ile ya Getatchew na The Ex, inaitwa Moa Anbessa, na hiyo msikilize wote wawili kwa sauti hapo dukani.