Kabla hujalipia mafunzo ya kazi za juu, uliza kama utaning'inizwa

Vijana wengi hunitafuta WhatsApp wakiuliza wapi watapata cheti cha kazi za juu, yaani kazi za kwenye majukwaa na maghorofa, haraka haraka. Siwalaumu. Saiti kubwa hazikuvushi geti bila cheti, na kibarua hakisubiri. Mimi napiga majukwaa ya ujenzi Dar es Salaam, siku hizi nasimamia timu, na kila anayeniuliza namrudishia swali: huko unakotaka kulipia, wanawaning'iniza?

Nasema kuning'inia kweli. Umevaa mkanda wa mwili mzima, umefungwa kwenye boriti, miguu haigusi chini. Mwanzoni watu wanacheka na kupigana picha. Baadaye kidogo mikanda ya mapajani inaanza kubana, miguu inaingia ganzi, na yule aliyekuwa akichekesha wenzake kanyamaza. Damu inakwama miguuni, hairudi vizuri moyoni, na mtu aliyetulia tuli ndani ya mkanda anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Asiposhushwa anaweza kufia humo humo, ndani ya mkanda uliomzuia asifike chini. Hilo slaidi haziwezi kukuelewesha hata zikiwa na rangi nzuri. Aliyening'inizwa akirudi saiti, jambo la kwanza anamuuliza fomeni: nikianguka nikabaki naning'inia, nani ananishusha, na kwa kifaa gani?

Saiti nyingi jibu ni "tutawaita Zimamoto". Piga 114, ndiyo, ni wajibu. Lakini kama saiti iko Kariakoo na ni saa kumi na moja jioni, hesabu mwenyewe gari litapenya saa ngapi. Kwa hiyo mafunzo yanayofaa lazima yakufundishe kumshusha mwenzako: kamba yenye puli iliyo tayari, watu wawili wanaoijua, na wewe unayening'inia unajua kusukumasukuma miguu, au kukanyaga kitanzi cha kamba ili damu itembee wakati wenzako wanakuja.

Jambo la pili ni hesabu, na hapa hata mafundi wazoefu wanachemka. Kamba ya mkanda kwa kawaida ina mita 2. Mwishoni ina kile kifuko kilichoshonwa, shokomzoba yetu, ambacho ukianguka kinafumuka na kurefuka mpaka mita 1.75. Kutoka pete ya mgongoni hadi nyayoni weka mita 1.5, ongeza mita 1 ya akiba. Jumla ni mita 6.25 za hewa tupu chini ya pale ulipofunga kulabu. Sasa mchukue fundi wa plasta aliyesimama mita 4 kutoka ardhini, kafunga kulabu kwenye bomba lililo usawa wa miguu yake. Kisheria kavaa, kwenye picha anapendeza, lakini atafika chini kabla kifuko hakijamaliza kufumuka. Kwenye kimo kama hicho kinachomlinda ni reli ya kiunoni, reli ya katikati, ubao wa pembeni unaozuia spana isimdondokee mtu, na mbao zilizokaa bila mapengo. Mkanda ukivaliwa ufungwe juu ya kichwa na kamba iwe fupi.

Najua wengi wenu hamfanyi kazi kwenye mabomba na klampu. Mtaani ni mirunda na misumari ya nchi nne. Nitasema wazi: mrundani usifunge mkanda. Kwa viwango vya Ulaya, shokomzoba nzima inatakiwa isiruhusu mshtuko upite kilonyutoni 6, yaani kama kilo 600 kwa mkupuo mmoja. Jiulize kama msumari uliogongwa juzi na saidia fundi utazibeba. Funga kwenye nguzo ya zege iliyokomaa, au usipande mpaka reli ziwepo. Na mvua ikinyesha usiku, asubuhi anzeni na miguu ya jukwaa kabla ya kitu kingine chochote. Udongo wa Dar ukilowa unameza mrunda usio na ubao chini yake, na jukwaa zima linalala upande mmoja taratibu bila mtu kuona.

Mkufunzi mzuri atakupa mkanda mbovu mkononi na kukuambia utafute ubovu. Unaukunja utepe uwe umbo la U, unaupitisha kwenye vidole sentimita kwa sentimita. Nyuzi zilizokatika zinajitokeza juu ya mkunjo. Utepe uliokaukiwa na zege unakuwa mgumu, uliochomwa na jua unapauka na kutoa vumbi la nyuzi. Angalia mishono, mara nyingi hushonwa kwa uzi wa rangi tofauti na utepe ili uzi uliokatika uonekane. Mkanda uliowahi kudaka mtu, ukatwe vipande siku hiyo hiyo. Ukiutundika tu stoo, kuna deiwaka ataukuta na kuuvaa.

Kuhusu nani alipe, msiogope kusema. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inamtaka mwajiri awape wafanyakazi mafunzo na vifaa kinga, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ndiyo yenye kuisimamia. Bosi akikwambia ujitegemee, mwombe akuandikie. Wengi hubadilika hapo hapo. Pia pima afya kwanza. Mwenye kifafa au kizunguzungu cha mara kwa mara atafutiwe kazi ya chini, na wala si aibu.

Siku ya mafunzo nenda na mkanda wako mwenyewe kama unao, maana ndio utakaoupandia saiti. Vaa suruali nzito isiyobana. Mwombe mkufunzi akukagulie mikanda ya mapajani: kiganja kilichonyooka kipite kati ya utepe na paja, ngumi isipite. Kama hata hilo hajalishughulikia, omba urudishiwe hela yako mapema kabla ya chai.