Muuaji wako anajulikana mapema mno
Katika riwaya yako ya upelelezi, wasomaji wanamnusa muuaji wa broka (dalali) wa tanzanite tangu sura ya tatu kwa sababu umempa kovu na macho mekundu. Mvue hayo. Mfanye mpima mawe ya vito wa pale Arusha, mwenye mizani yake, anayeamkia wazee vizuri; awepo kwa sababu ya kazi. Kabla ya sura yoyote andika siku ya mauaji kwa upande wake, saa kwa saa: anataka nini, anaogopa nani ajue. Aingie robo ya kwanza ya kitabu. Akichelewa, msomaji ataona kachezewa. Dalili inayomfichua ichanganye katikati ya vitu vitatu vya kawaida, usiiweke mwisho wa aya, jicho husimama pale. Washukiwa wengine wawili wanatosha, kila mmoja na siri yake isiyohusu kifo.