Jua kwanza idadi ya watu wa jiji: ushauri kwa wanaoanza kazi ya vibali vya nyumba jimboni Washington

Vijana wetu kadhaa sasa wanaingia katika kazi ya michoro na vibali vya ujenzi kusini mwa Seattle, na nimeona ni vema niwaandikie yale ambayo darasani hupitiwa juu juu. Sheria inayotuhusu zaidi ni HB 1110 (yaani mswada nambari 1110 wa Baraza la Wawakilishi la jimbo), iliyotiwa saini na Gavana Jay Inslee mwaka 2023, ambayo iliyanyima majiji mengi ya jimbo hili uwezo wa kutenga mitaa mizima kwa nyumba za familia moja pekee.

Mteja akikuletea kiwanja, usianze na ukubwa wake. Uliza kimo ndani ya mipaka ya jiji gani, kwa sababu haki ya kujenga inafuata idadi ya wakazi. Jiji lenye watu 75,000 au zaidi ni lazima liruhusu nyumba nne katika kiwanja cha makazi, na sita iwapo kiwanja kipo karibu na kituo kikuu cha usafiri wa umma, kama cha treni, au iwapo nyumba mbili kati ya hizo zitabaki za bei nafuu kwa angalau miaka 50. Jiji lenye watu kuanzia 25,000 lakini wasiofika 75,000 linalazimika kuruhusu mbili, na nne kwa masharti yanayofanana na hayo, ila hapo nyumba moja tu ya bei nafuu inatosha. Majiji yaliyo chini ya 25,000 hayaguswi, isipokuwa yale ambayo eneo lao la ukuaji wa mji limeungana na la jiji kubwa kuliko yote katika kaunti yenye watu zaidi ya 275,000, ambayo nayo yanapaswa kuruhusu mbili.

Tazameni Kent, SeaTac na Tukwila, majiji jirani ambako familia nyingi za Afrika Mashariki na Kongo zimeweka makazi. Katika sensa ya 2020 Kent ilikuwa na watu zaidi ya 130,000, SeaTac kama 31,000, na Tukwila haikufika 22,000, kwa hiyo yanaangukia makundi matatu tofauti. Mchoro uliopata kibali Kent unaweza kukataliwa ukivuka mpaka tu. Hata hivyo, viwango hivi ni vya chini kabisa, na jiji linaweza kuruhusu zaidi, hivyo someni pia sheria ndogo za jiji lenyewe. Jiji lililochelewa kuzitunga, kanuni za mfano za Idara ya Biashara ya jimbo ndizo zinazotumika humo.

Kundi la jiji si la kudumu. Takwimu za kuanzia ni za 2020, lakini jiji linalokua likavuka kiwango hupewa miezi 12 baada ya ripoti yake inayofuata ya utekelezaji wa mpango wake mkuu wa maendeleo, kisha linabanwa na masharti mapya. Mteja asiye na haraka huenda akanufaika kwa kusubiri, na ni wajibu wenu kumweleza hivyo.

Ukaribu na kituo hupimwa kwa robo maili ya kutembea. Msipige mstari ulionyooka kwenye ramani. Nendeni mkaitembee njia yenyewe, kwani barabara kuu au uzio unaweza kuirefusha kwa kiasi cha kumnyima mtu nyumba mbili. Kwa maegesho ya magari umbali ni nusu maili, na ndani yake kwa kawaida jiji haliruhusiwi kuyadai.

Jambo ambalo huwaumiza wateja kuliko mengine ni makubaliano ya zamani ya mtaa yaliyosajiliwa pamoja na hati ya kiwanja, yanayoweza kuzuia nyumba zaidi ya moja. Sheria imezuia vyama vipya vya wamiliki wa nyumba kupiga marufuku nyumba hizi, lakini haikufuta makubaliano yaliyokuwapo kabla yake. Kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa, kwa kuwa familia inaweza kutumia akiba yake yote kwenye kiwanja ambacho jiji limekiruhusu na majirani wakakizuia mahakamani. Ombeni taarifa kamili ya hati kabla hamjapokea malipo ya mchoro.