Kuku wa Krismasi huanzia Mei

Kuku wangu wa kwanza kuatamia hapa Luchelele, Mwanza, alitotoa vifaranga tisa kwenye mayai kumi na moja. Nilitembea mtaa mzima nikijisifu. Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza ya Machi. Masika yakashika kasi, maji yakawa yanateremka kutoka kwenye mawe nyuma ya nyumba na kupita katikati ya banda. Mwisho wa Aprili nilibaki na vifaranga wawili, mmoja wao anasinzia, mabawa kayashusha.

Nililaumu kila kitu: mbegu, jogoo, hata macho ya watu niliojisifia. Kumbe kosa lilikuwa kwenye kalenda. Kifaranga wa wiki tatu hadi sita ndiye anayepigwa zaidi na kuhara damu, na vimelea vya ugonjwa ule hustawi kwenye joto na unyevu, yaani matandiko mabichi. Mimi, bila kujua, nilikuwa nimewapangia vifaranga wangu wafikie umri huo Aprili, mwezi ambao sakafu ya banda langu haikauki.

Siku hizi nahesabu kurudi nyuma kuanzia Desemba. Kuku wa kienyeji anataka miezi sita hivi, wengine saba, hadi afikie uzito wa kuuzika, na mteja wa Krismasi hana muda wa maelezo, anataka jogoo anayejaa mkononi. Toa miezi hiyo, toa na siku 21 za kuatamia, unajikuta katikati ya Mei. Mayai yakiingia chini ya kuku wakati huo, vifaranga wanatoka mwanzoni mwa Juni, mvua imeaga, ardhi inakauka. Kinachobaki ni upepo na baridi ya usiku, na hiyo mama yao anaimudu kwa mbawa zake. Kuna ugonjwa wa kideri pia. Nitakifikia.

Mayai ndiyo yanayoharibu mahesabu ya wengi. Yai la kuatamisha lisizidi siku saba tangu litagwe. Nina kalamu ya risasi imefungwa kwa uzi mlangoni mwa banda, kila yai naliandika tarehe siku hiyohiyo, kwa sababu kichwa changu nakijua. Nayaweka kwenye trei, ncha nyembamba chini, kwenye chumba chenye ubaridi wake, si kwenye friji. Siyaoshi. Ganda lina utando mwembamba unaozuia vijidudu, ukilisugua kwa maji umeuondoa. Yai chafu sana nalikaanga. Lenye ufa, lililo refu kama kidole, au lenye viini viwili, hayo nayo ni ya chai. Na usisahau jogoo: mmoja kwa mitetea kumi, na awe kweli anawapanda, siyo yule mzee wa kuwika tu.

Bibi yangu alikuwa akiweka kipande cha mkaa kwenye kiota ili radi isiue mayai. Nilikuwa namcheka. Sasa naona alichokiona kilikuwa cha kweli, ila mhusika siye: ngurumo zinapokuja na mvua, kiota kinalowa, kuku anahama, mayai yanapoa, kesho kutwa unasema radi. Mkaa siweki, lakini kiota nimekiinua juu ya sakafu na kukisogeza mbali na ukuta unaopigwa na mvua.

Ujanja ulionisaidia kuliko wote ni kuwalaza kuku pamoja. Mtetea wa kwanza akitaka kuatamia, namwachia yai moja bovu alilalie, huku nakusanya mazuri pembeni. Anakuja wa pili, wa tatu. Wakifika watatu, usiku mmoja nawawekea wote mayai mapya, kumi na mbili kila mmoja, kumi kwa mwenye mwili mdogo. Wanatotoa siku moja. Usiku nawakusanya vifaranga na kumpa mama mmoja mwenye moyo alee wote, nikihakikisha mbawa zake zinawatosha, na wale wengine wawili baada ya wiki chache wanarudi kutaga. Kabla ya kuwalaza nawapaka dawa ya utitiri na kuchoma matandiko ya zamani, maana utitiri unaweza kumfukuza kuku kwenye mayai ya siku ya kumi na tano, na hasira yake usiipime.

Siku ya saba, giza likiingia, namulika kila yai kwa tochi ya simu. Ukiona mishipa kama mizizi midogo, limeshika. Likiwa jeupe tupu, toa. Lenye duara la damu, toa pia, mtoto amekufa humo. Viza likipasukia kiotani linachafua mengine yote, acha harufu.

Mashine ya kutotolesha niliinunua kwa pupa. Mayai sitini, niliyanunua sokoni bila kujua umri wake, yakaja kwa bodaboda yakitikisika njia nzima, nikayaingiza mashineni saa hiyohiyo badala ya kuyapumzisha hadi kesho yake. Siku ya kumi na tisa umeme ukakatika usiku. Nilipanga chupa za maji ya moto ndani, nikafunika kwa blanketi, nikakesha. Walitoka kumi na saba. Kama unayo na ina feni, shika nyuzi 37.5, geuza mayai angalau mara tatu kwa siku, siku ya 18 acha kuyageuza, ongeza maji kwenye chombo, na usifungue fungue mlango kuchungulia. Kwa mtu wa kuku thelathini kama mimi, mtetea anatosha. Mashine yangu sasa inatunza viatu.

Sasa kideri. Hapa kwetu huvuma zaidi kiangazi, na hakina dawa. Nasema tena: hakina dawa. Shubiri, pilipili, vidonge vya binadamu, vyote nimeshavimwaga kwenye maji na kuku wakafa vilevile, shingo zimepinda, kinyesi kijani. Mwaka ule nilinunua mitetea miwili mnadani, wazuri kweli, nikawachanganya na wangu jioni ileile. Ndani ya siku kumi banda lilibaki na jogoo mmoja. Tangu hapo kuku mgeni anakaa peke yake wiki mbili, upande wa pili wa nyumba, na namhudumia wa mwisho.

Chanjo ninayotumia ni ile ya I-2, tone moja kwenye jicho moja, kila miezi mitatu: Machi, Juni, Septemba, Desemba. Vifaranga wanapata wiki ya kwanza, wanarudiwa wakifika wiki ya nne, kisha wanaungana na wakubwa. Chanjo inahitaji kama wiki mbili kujenga kinga, kwa hiyo ukisubiri kuku wa jirani waanze kufa umechelewa. Changishaneni majirani mnunue kichupa kimoja, kikifunguliwa kitumike siku hiyo. Kama chanjo yako ni ya kuweka kwenye maji ya kunywa, usitumie ya bomba moja kwa moja, klorini inaiua.

Vifaranga wa Juni wana faida nyingine: Agosti wanafikisha miezi miwili, umri mzuri wa kuchanjwa ndui kwenye ngozi ya ubawa, kabla vuli ya Oktoba haijaleta mbu. Ndui hubebwa na mbu, na sisi wa kandokando ya ziwa mbu hatuwakosi.

Chakula sina mengi. Pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, chokaa, na dagaa kutoka soko la samaki la mwaloni Kirumba. Dagaa wa kuku wana mchanga: tia konzi moja kwenye bakuli la maji uone kinachozama kabla hujalipa gunia. Wenye ukungu usichukue hata kwa bure.

Leo ni tarehe 9 Aprili, mvua inanyesha, na mtetea wangu mwekundu ameng'ang'ania kiota anataka mayai. Jirani yangu ananiambia, "Mayu, mpe tu, utamtesa." Nimemweka kwenye tenga lililoning'inizwa, upepo umpite tumboni siku tatu nne hadi hamu imwishe. Ananitukana tangu asubuhi.