Kiwele hujengwa kabla ya maziwa: maswali ya wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini

Mtamba wangu chotara wa Friesian ana miezi 8. Nampa pumba ndoo nzima kila siku ili kiwele kiwahi kukua. Jirani ananikataza. Nani yuko sahihi? (Mama, Tukuyu)

Jirani yuko sahihi, mama. Kuanzia kama mwezi wa 3 hadi karibu na joto la kwanza (anapoanza kutaka dume), chembe hai za kiwele huongezeka kwa kasi kuliko mwili wenyewe. Zinaamriwa na estrojeni, homoni ya kike kutoka kwenye ovari, na homoni ya ukuaji kutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Homoni hizo hufanya kazi kupitia IGF-1, kichocheo cha ukuaji kinachotoka kwenye ini na pia ndani ya kiwele. Hapo mifereji ya maziwa hujichimbia njia katika mafuta yaliyo ndani ya kiwele. Wanga ukizidi, homoni ya ukuaji hushuka kwenye damu, joto la kwanza huwahi, na mifereji hukosa muda wa kutawanyika. Kiwele kitaonekana kikubwa, lakini kimejaa mafuta.

Mpime mwenyewe. Akiwa ametulia, bonyeza kwa vidole viwili juu kidogo ya chuchu. Nyama ya maziwa ina vinundu kama maharage yaliyolowekwa. Mafuta hubonyea kama unga uliokandwa.

Lengo lako liwe kuongezeka gramu 500 hadi 700 kwa siku, yaani kilo 15 hadi 20 kwa mwezi. Pima mzingo wa kifua kwa utepe kila mwezi. Mpe mabingobingo na desmodiamu (malisho jamii ya mikunde) hadi ashibe, na kilo 1.5 hadi 2 tu za chakula cha ziada kwa siku. Katika kila kilo 10 changanya pumba ya mahindi kilo 6.5, mashudu ya alizeti kilo 3, madini kilo 0.4 na chumvi kilo 0.1. Wengi hukosea kwa kuacha mashudu kwa sababu ya bei, wakabaki na pumba tupu: protini inapungua kwenye chakula, mafuta yanaongezeka kwenye kiwele.

Tahadhari hii haimhusu ndama anayenyonya. Huyo apate lita 4 hadi 6 za maziwa kwa siku, kwani lishe nzuri katika miezi 2 ya mwanzo hukiongezea kiwele chembe.

Mtamba ana mimba ya miezi 8 na kiwele kimevimba. Nimkamue apate nafuu? (Njombe)

Usimkamue. Mimba ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya ukuaji wa kiwele, hasa miezi 3 ya mwisho: projesteroni, homoni ya mimba, hujenga vifuko vya maziwa kwenye ncha za mifereji, ikisaidiwa na estrojeni, prolaktini na homoni za kondo la nyuma. Projesteroni hiyo hiyo huzuia maziwa yasianze. Inaposhuka siku za kuzaa, yanafunguka. Ukikamua sasa unafungua mlango wa chuchu kwa vijidudu na kumpotezea ndama dang'a. Ila kama robo moja ya kiwele ina joto, ni nyekundu na inauma, muite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo.

Ng'ombe anatoa lita 4 na atazaa baada ya miezi 2. Kwa nini nimkaushe ilhali maziwa bado yapo? (Mafinga)

Kwa sababu chembe zimechoka. Katika siku 60 hivi za kukauka, kiwele huondoa chembe kuukuu na kuotesha mpya kwa msukumo wa homoni za mimba. Ukikamua hadi azae, maziwa ya uzao unaofuata hupungua, mara nyingi kwa karibu robo.

Kwa lita 4 unaweza kuacha mara moja. Ondoa chakula cha ziada siku chache kabla. Siku ya mwisho kamua hadi tone la mwisho, safisha ncha za chuchu kwa spiriti, weka dawa ya kukaushia kila chuchu, kisha chovya chuchu kwenye dawa ya kuua vijidudu. Kiwele kitajaa siku 3 au 4 za mwanzo. Usikamue kwa huruma: mgandamizo huo ndio unaoziambia chembe ziache kazi, na ukiupunguza unaanza upya.

Jirani humchoma ng'ombe wake sindano ya oksitosini (homoni ya kushusha maziwa) kila asubuhi ili maziwa yashuke. Nimuige? (Uyole)

Hapana. Oksitosini haioteshi chembe hata moja. Inaminya vifuko tu. Ng'ombe anayechomwa kila siku huzoea, akakataa kushusha bila sindano. Oksitosini ya mwili wake mwenyewe inatosha: osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, hasa asubuhi za baridi, subiri dakika 1, kisha maliza kukamua ndani ya dakika 5 hadi 7, kwani nguvu yake huisha haraka. Kelele na fimbo huleta adrenalini, homoni ya hofu, inayoizuia.

Ng'ombe amezaa pacha, dume na jike. Nimtunze jike kwa ajili ya maziwa? (Iringa)

Zaidi ya 9 kati ya 10 wa aina hiyo ni tasa. Damu ya pacha dume huvuruga ovari tumboni, hivyo estrojeni ya kujenga kiwele haipatikani. Mfugie nyama.