Daftari la vipimo na Krismasi ya Rombo

Naandikia jikoni kwa mama mkwe, Rombo, asubuhi ya tarehe 26. Nyumba nzima imelala, tulio macho ni mimi na jogoo. Nje ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, na baridi ni ile ambayo sisi wa Dar tunaisahau kila mwaka, tukaja na vijisweta vya kuendea kanisani. Pembeni ya mafiga kuna ndoo ya mbege iliyobaki jana. Mapajani nina daftari langu la vipimo.

Mimi ni fundi cherehani. Nina fremu Tabata, cherehani tatu, ovaloki moja, na wasichana wawili wanaonisaidia. Anayeshona anajua kwamba Desemba haina usingizi. Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, lakini sare mzazi anajitafutia mwenyewe, na wazazi wa nchi hii huikumbuka sare shule zikishafungwa. Ongeza magauni ya sikukuu hapo. Kwa hiyo kila mwaka baba na watoto wanatangulia kijijini, mimi nabaki na sketi za malinda.

Mwaka jana nilishona hadi jioni ya tarehe 24, nikakimbilia basi la usiku pale Mbezi. (Mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, 2023, nilishangilia. Sasa naona lilikuwa jaribu kwa mafundi, maana kila saa unajiambia bado muda upo.) Nikafika asubuhi ya Krismasi, macho mekundu, miguu imevimba. Binti yangu wa pili akanipokea begi, akalifungua palepale barazani.

"Mama, gauni langu liko wapi?"

Nilikuwa nimeshona magauni 41 ya watoto wa wenzangu. Lake lilikuwa Tabata, limekatwa, limekunjwa chini ya meza. Akaenda misani na la mwaka uliotangulia, nililolilegeza pindo kwa mkono huku wenzetu wakitusubiri njiani. Ule mstari wa pindo la zamani ulionekana hadi altareni. "Kinyozi hajinyoi," wifi yangu akanitania. Sikucheka.

Ndiyo maana mwaka huu nilifanya kitu ambacho nakushauri na wewe, uwe fundi, uwe mwalimu, uwe na bodaboda: kabla ya kukata tiketi ya kwenda nyumbani, kaa na mwenzako mfungue daftari la kazi na jumbe za miamala za mwaka mzima. Ukihesabu mwaka kwa kichwa, kichwa kitakupendelea. Changu kilikuwa kimeniaminisha kwamba pesa zetu zimeliwa na ukoo wa mume wangu: misiba, kipaimara, bati za shangazi. Nililisema hilo mara nyingi, tena mbele ya watoto. Tulipojumlisha, michango yote ya ukoo ilikuwa laki sita na ushee. Nguo zilizochukuliwa mali kauli na mashoga zangu mwenyewe, ambazo hazijalipwa hadi leo, laki tisa na themanini.

Mume wangu hakusema neno. Aliinuka akaenda kuchemsha chai. Namshukuru kwa ile chai.

Yapo niliyobadilisha baada ya hesabu hiyo. Nilibandika karatasi mlangoni kwamba mwisho wa kupokea oda ni tarehe 10, na hakuna kitambaa kinachokatwa bila kianzio. Wateja watatu waliondoka, mmoja kwa maneno ambayo siyaandiki. Nisikudanganye, Desemba hii nimeingiza pungufu ya mwaka jana. Lakini gauni la binti yangu, la njano, kitambaa alichokichagua mwenyewe Kariakoo, ndilo lilikuwa la kwanza kupita kwenye cherehani mwezi huu. Nilipompima nililinganisha na vipimo vya Januari, nilipomshonea sare. Urefu umeongezeka inchi tatu. Kati ya kurasa hizo mbili sikuwahi kumwekea tepu mabegani, na sijui aliongezeka lini.

Kuhusu pesa za kikoba, hapa nasema kwa ukali kidogo. Sisi tunavunja katikati ya Desemba, na nimeona wanawake wakitoka kwenye mgao moja kwa moja hadi kwenye viatu. Nimekuwa mmoja wao. Januari ya mwaka huu iliponikuta sina kodi ya fremu nilienda kwa wakopeshaji wa kausha damu, nikawalipa hadi Mei. Safari hii mgao ulipita kwanza kwa mwenye fremu, halafu kwenye madaftari na viatu vya shule, na kilichobaki ndicho kikapanda basi. Lipa Januari ukiwa bado Dar. Ukishashuka Himo na pesa mfukoni, zimeshapata wenyewe.

Nilidhani hapo hesabu imekwisha. Kumbe tulipokuwa tunapitia mwezi wa nne, mume wangu aliweka kidole kwenye tarehe moja. Ilikuwa siku ya maziko ya bamdogo wake. Sikuja kwenye msiba ule. Nilimpigia mama mkwe nikamwambia cherehani imeharibika, mafundi wananisumbua, nitakuja arobaini. Arobaini pia sikuja. Na daftari, kwa mwandiko wangu mwenyewe, linasema siku ile nilipokea oda sita.

Mimi si Mchaga, nimezaliwa Muheza, lakini miaka kumi na minne ya ndoa imenifundisha isale. Ni yale majani marefu yanayopandwa mipakani mwa vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachaga. Ukimkosea mtu unachuma jani, unalifunga fundo, unampelekea, na aliyeletewa isale hakatai kusamehe. Juzi jioni nilienda mpakani nikachuma moja. Mikono ilinitetemeka, fundo likakataa, mimi ninayefunga uzi gizani.

Nilimkuta mama mkwe anamenya ndizi za mtori. Nikapiga goti, nikampa. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Korogwe, yote yakanikimbia. Nikasema tu, "Mama, ile siku ya msiba nilikudanganya."

Alilipokea, akaligeuza upande huu na huu, akalikagua fundo kama mimi ninavyokagua kazi za wasichana wangu.

"Cherehani ilipona?" akauliza.

Kumbe alijua tangu siku ile. Miezi minane alikuwa akinipigia simu, akiniuliza habari za watoto, akijua. Nililia pale kwenye maganda ya ndizi mpaka akanisukuma na kiwiko, tuendelee kumenya.

Jana baada ya misa, wageni walipopungua, alikuja na kitenge chake kipya begani. "Unashonea Tabata nzima," akasema. "Nipime."

Nikampimia hapahapa jikoni, watoto wakishika taa ya simu. Yuko ukurasa wa kwanza wa daftari la mwaka mpya: kifua 42, kiuno 40, urefu 46, mikono ya robo tatu. Kuchukua: kabla ya Pasaka, naleta mwenyewe. Kianzio: mkungu mmoja wa mshare, nimepokea.