Faili zimetoka Windows, seva inazigomea: usikimbilie 777

Mkuu, umesema umepakia tovuti kutoka Windows kwa WinSCP (programu ya kuhamishia faili), ukaifungua ukakutana na 403 (seva inakataa kuionyesha), na mdau mmoja kakushauri upige chmod -R 777, yaani kumruhusu kila mtu kusoma, kuandika na kuendesha kila kitu. Nakuomba usifanye hivyo. Mimi ilinigharimu safari ya Kondoa.

Nilikuwa hapa Dodoma, Nkuhungu, nikihudumia seva ya Ubuntu iliyokaa kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti kule Kondoa. Faili ziligoma kama zako, nikapiga 777 kwenye folda nzima ya nyumbani ya akaunti yangu. Tovuti ikafunguka, nikafurahi, nikatoka. Jioni narudi, seva hainitaki. SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) ikikuta folda ya nyumbani au .ssh inaandikika na kila mtu, haiziamini funguo zilizomo, na kuingia kwa nywila nilishakufunga mwenyewe. Alfajiri nikapanda basi, kilomita 150 na ushee, kwenda kuandika 755 kwenye folda ya nyumbani, 700 kwenye .ssh na 600 kwenye faili ya funguo, authorized_keys. Kazi ya dakika 2.

Chanzo ni kwamba ruhusa za Windows hazisafiri na faili. Ukipakia kwa WinSCP, kwa kawaida umask ya seva (namba inayoondoa ruhusa kwenye faili mpya) ndiyo inaamua: ikiwa 022 unapata 644 kwa faili (wewe unaandika, wengine wanasoma tu) na 755 kwa folda (wengine wanaingia na kusoma), ikiwa 077 hakuna mwingine anayesoma, hata Apache, programu inayotoa kurasa za tovuti. Ukileta kwa flashi ya FAT32, mara nyingi hata picha inaonekana kama programu ya kuendeshwa, maana FAT32 haina mahali pa kuandika ruhusa hizi.

Ingia kwenye folda ya tovuti, hakikisha kwa pwd (inakuonyesha uko folda gani), kisha:

find . -type d -exec chmod 755 {} +
find . -type f -exec chmod 644 {} +

Usipige 644 kwa mkupuo kwenye faili na folda pamoja. Folda ikikosa x (ruhusa ya kuingia folda au kuendesha faili) haiingiliki. Faili yenye nywila ya hifadhidata ipe 640 (nje ya kundi hakuna anayesoma), kundi liwe www-data, akaunti inayotumiwa na Apache. Folda ya picha wanazopakia wateja ndiyo pekee umkabidhi www-data kwa chown.

Skripti zipe chmod +x. Zikilalamikia ^M, hizo ni alama za mwisho wa mstari za Windows, ruhusa haihusiki: sed -i 's/\r$//' jina.sh.

403 ikibaki, tazama folda za juu. Tangu Ubuntu 21.04 folda mpya ya nyumbani huwa 750, Apache haipiti. Hamishia tovuti /var/www. Piga namei -l ukifuatisha njia nzima ya tovuti, uone folda ipi imefunga, kisha tuwekee matokeo hapa.